Mboga Pwani Uani Kwako: Kuiotesha na Kuitawala Chumvi Yake

Ukiwa na kisima cha maji ya chumvichumvi, mboga zinazokukimbia unazijua. Maharage huungua majani kabla ya kutoa ua, karoti hudumaa, nyanya huoza kitako. Watu wengi wa pwani huishia kuacha uwanja mtupu na kununua mchicha uliotoka mbali kwa gari. Lakini ipo mboga ya kwetu ambayo maji hayo ndiyo inayoyataka, nayo huota yenyewe, bila kupandwa na mtu, kuanzia fukwe za kusini hadi Lamu, Unguja na Pemba. Ndiyo mboga pwani. Hapa nitakueleza namna ya kuileta kutoka ufukweni hadi uani, namna ya kuizidisha kwa vipandikizi, na zaidi ya yote namna ya kuitawala chumvi. Kazi yote ya mmea huu, tangu udongoni hadi sahanini, ni kazi ya chumvi, na anayeielewa chumvi hashindwi na lililobaki.

Wataalamu wa mimea wanaiita Sesuvium portulacastrum. Hutambaa katika pwani za nchi nyingi za joto; Wafilipino wanaiita dampalit na huitia siki ikawa achari. Hapa kwetu itafute mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu: nyuma ya mikoko, juu ya mstari wa mwani mkavu, katika nyufa za mawe ya matumbawe, au pembezoni mwa mashamba ya chumvi. Maji mafu hayaifikii, jua huichoma mchana kutwa, upepo wa bahari huirushia chumvi, nayo inazidi kunenepa majani.

Itambue kwanza

Chukua tawi moja mkononi ulitazame vizuri. Shina ni laini, halina nywele, ni la kijani au jekundujekundu, na lina vifundo. Katika kila kifundo majani yametoka mawili mawili yakitazamana, kitako cha kila jani kimelikumbatia shina. Jani lenyewe ni nene, linang'aa, urefu wake kwa kawaida ni sentimita 2 hadi 6, na ukilivunja linatoa maji maangavu. Ua hutoka moja moja kwenye kwapa la jani, lina kikonyo chake, na lina pande 5 zenye rangi ya waridi au zambarau kwa ndani na kijani kwa nje. Litafute jua likishapanda, kwa maana hufunguka kwa saa chache tu kisha hujifunga, na anayepita alasiri anaweza kuapa kwamba mmea huu hauchanui kabisa. Ua likiisha hubaki kikopo kidogo chenye kifuniko, ndani yake mna mbegu nyeusi zinazometa.

Mimea miwili mitatu inaweza kukuchanganya. Kuna mboga nyingine ya majani manene, ile inayoota mashambani na kando ya njia, yenye ua la manjano na jani lililopanuka kwenye ncha. Hiyo nayo huliwa, lakini ladha yake ni ya uchachu, si ya chumvi. Hatari iko kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Jamii ya mnyaa ni kubwa, na si yote ni miti ya uzio. Mingine ni midogo na hutambaa mchangani. Utomvu wa aina nyingi za jamii hiyo huwasha ngozi na kuumiza macho vibaya. Kwa hiyo kila mara vunja shina kwanza. Kikitoka kitu cheupe cha maziwa, kiache hapohapo na unawe mikono kabla hujagusa uso. Mboga pwani haina maziwa.

Kipimo cha mwisho ni ulimi. Ukishahakikisha kwamba maziwa hayapo, ua ni la waridi na majani yanatazamana, tafuna ncha ya jani kisha uteme. Chumvi itakujia papo hapo. Kama hujawahi kuiona, nenda na mtu mzima wa kijijini anayeichuma. Picha husaidia, lakini hazifikii macho ya bibi aliyeichuma tangu utotoni, na bibi huyo atakuonyesha pia ni wapi isichumwe.

Mahali pa kupata mbegu, na mahali pa kuepuka

Mbegu hapa ni shina, kama ilivyo kwa muhogo. Kabla hujakata shina hata moja, tazama linakoota. Mboga pwani haivuti chumvi peke yake. Ina uwezo wa kuvuta pia madini mazito kama risasi na kadimi na kuyaweka mwilini mwake, na kwa sababu hiyo imechunguzwa kama mmea wa kusafishia udongo uliochafuliwa. Sifa hiyo ni njema kwa udongo mbovu na ni mbaya kwa chungu chako. Usichume wala usichukue mbegu karibu na bandari, mfereji wa maji taka, gereji, jaa la taka, au pale mafundi wanapokwangua na kupaka rangi vyombo vya bahari. Inaweza kuonekana nzuri sana hapo, ikawa imenawiri kuliko penginepo. Jani haliwezi kukuonyesha lilichokibeba.

Ukipata pwani safi, usiing'oe. Mashina yale yanayolala ndiyo yanayoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi na upepo wa kusi, na kichaka kilichong'olewa huacha jeraha ambalo bahari hulipanua. Nenda na mkasi au kisu kikali, kata tawi moja hapa na jingine pale, kutoka mashina tofauti. Matawi 20 yanatosha kabisa kuanzisha tuta la nyumbani, na baada ya hapo hutakuwa na haja ya kurudi. Ndani ya hifadhi ya bahari omba ruhusa kwanza. Funga matawi katika kitambaa kibichi, uyaweke kwenye kikapu, yasipigwe na jua njiani.

Kukata na kupanda

Mbegu zake za kweli, zile nyeusi, ziache. Ni ndogo mno, huota kwa kusuasua, na hazikupi faida yoyote ambayo shina halikupi. Inua tawi lolote lililolala mchangani utazame chini yake: kila kifundo kilichogusa unyevu kimetoa mizizi myeupe, mingine haijafika hata sentimita moja. Mmea wenyewe umeshaanza kazi kabla yako.

Chagua shina lililokomaa bila kuwa gumu. Ukilikunja, lipinde kidogo kabla ya kuvunjika. Ncha laini kabisa huoza upesi, na shina kuukuu lenye ganda la kahawia huchelewa. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo 4 au 5, kisu kipite chini kidogo ya kifundo. Vua majani ya vifundo viwili vya chini, acha ya juu. Kama kuna ua, likate, ili nguvu iende kwenye mizizi. Kisha weka vipande kivulini tangu asubuhi hadi jioni jeraha likauke. Usiogope kunyauka, majani yake yana akiba ya maji. Vipande vilivyokuja na mizizi tayari, hivyo usivikaushe, vipandwe siku hiyohiyo.

Njia za kupanda ni mbili. Kwenye ndoo au beseni, simamisha: toboa udongo kwa kijiti, ingiza kipandikizi hadi vifundo viwili viwe chini, kandamiza kwa vidole. Kwenye tuta la ardhini mimi napendelea kulaza, kama wanavyolaza marando ya viazi vitamu. Chimba kijifereji cha sentimita 3 hivi, laza shina refu, lifunike na kuiacha ncha nje. Kila kifundo kitatoa chipukizi lake, na tuta litajaa mapema kuliko la vipandikizi vilivyosimamishwa. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya mstari na mstari.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani mmea wa pwani unataka maji ya bahari tangu siku ya kwanza. Chumvi iliyo udongoni huyashikilia maji, na kipandikizi kisicho na mizizi hakina nguvu ya kuyavuta. Kitakauka huku kimezungukwa na unyevu. Kwa wiki mbili za mwanzo mwagilia maji matamu tu, kidogo kidogo, udongo uwe na unyevunyevu bila kuwa chepechepe. Ukipanda wakati wa jua kali la kaskazi, tengeneza kivuli cha makuti kwa siku chache za mwanzo, kisha kiondoe. Vuta kipandikizi kimoja taratibu kwa vidole viwili. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi.

Unaweza pia kuotesha katika glasi ya maji dirishani, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili. Inafaa kwa anayekaa ghorofani na ana vipande vichache tu. Mizizi ya majini ni dhaifu na huvunjika wakati wa kuhamisha, kwa hiyo ukiwa na udongo, tumia udongo.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa vuli, au mwishoni mwa masika mvua kubwa zikishapungua. Katikati ya masika vipandikizi vipya hukaa ndani ya maji yaliyotuama, na kutuama kwa maji ndiko kunakoiua mboga hii kuliko ukame.

Udongo na chombo

Kichanga ndicho chake. Kwenye chombo changanya mchanga sehemu 2 na mboji au samadi iliyooza kabisa sehemu 1. Samadi mbichi usitumie, kwa sababu majani yanalala juu ya udongo na ndiyo utakayoyala. Mchanga wa kujengea unatosha ukishauchekecha. Usiuchote ufukweni, pwani zetu zinaliwa na bahari vya kutosha. Penye udongo wa mfinyanzi inua tuta kimo cha sentimita 20 au zaidi ili maji yapite.

Chombo chochote kinafaa: ndoo iliyopasuka, karai bovu, kiroba, dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni. Toboa matundu ya kutosha chini. Upana ni bora kuliko kina, kwa sababu mmea hutambaa. Kina cha sentimita 20 kinatosha. Bati lisilopakwa rangi litaliwa na chumvi, kwa hiyo plastiki au saruji ni afadhali.

Weka mahali penye jua la saa 6 au zaidi. Kivulini itaishi, lakini itatoa shina refu jembamba na majani machache, nawe unataka majani.

Kama unapanda ardhini, itenge mboga pwani na mboga nyingine. Maji utakayoimwagilia yatawaua majirani wake. Iweke upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo maji yanayotoka kwake hayaelekei kwenye mchicha wala mlimau. Mnazi utavumilia, mlimau hautasamehe.

Chumvi

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Mboga pwani inaweza kuishi katika maji hayo, lakini kuishi na kustawi ni mambo mawili. Majaribio yameonyesha kwamba hukua vizuri zaidi katika chumvi ya wastani, kati ya gramu 6 na 20 kwa lita hivi, kuliko katika maji matamu matupu au maji ya bahari matupu. Sababu iko ndani ya jani. Mmea huvuta chumvi kutoka udongoni na kuifungia katika vijifuko vilivyomo ndani ya seli za majani, mbali na sehemu zinazofanya kazi za uhai. Chumvi iliyofungiwa huko huvuta maji, na jani hunenepa. Bila chumvi jani huwa jembamba na ladha hupungua.

Kwa hesabu ya jikoni, kopo moja la maji ya bahari likichanganywa na makopo matatu ya maji matamu hutoa karibu gramu 9 kwa lita. Huo ndio mchanganyiko wa kufanyia kazi. Usiufikie kwa ghafla. Baada ya mizizi kushika, anza na kopo moja kwa makopo saba kwa wiki nzima, kisha uende kwenye moja kwa matatu. Kama maji ya kisima chako ukiyaonja yana chumvi, usichanganye kitu, hayo yanatosha. Ukiwa mbali na bahari, iwe Morogoro au Nairobi, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika lita moja ya maji. Utapata kama gramu 6. Maji ya bahari ni bora pale yanapopatikana, kwa sababu yana madini mengine pia, hasa magnesi na potasi. Yachote mahali safi, palepale ambapo ungekubali kuoga.

Sasa jambo ambalo ndilo linaloua bustani nyingi za namna hii polepole. Jua hukausha maji na kuiacha chumvi. Chombo kinachopata gramu 9 kwa lita kila mara, bila kusuuzwa, baada ya muda kitakuwa na udongo mkali kuliko bahari yenyewe. Utaona unga mweupe kwenye ukingo wa ndoo na juu ya udongo. Kwa hiyo mwagilia kila mara hadi maji yatoke chini ya chombo, usinyunyize juujuu. Baada ya kumwagilia maji ya chumvi mara mbili au tatu, mara inayofuata iwe ya maji matamu. Na mara moja kwa mwezi, wakati wa kiangazi, suuza udongo: mimina maji matamu mengi, acha yatoke, ngoja kidogo, mimina tena. Wakati wa masika mvua itakufanyia kazi hiyo bure.

Ni mara ngapi kwa wiki? Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, iache hadi kesho. Wakati wa kaskazi itakuwa pengine kila baada ya siku mbili, wakati wa kusi hata siku nne.

Mmea utakwambia wenyewe ulivyo. Majani yakiwa mapana, membamba na ya kijani kilichopauka, umekosa jua au chumvi. Majani yakiwa madogo, yamesongamana na mekundu, udongo umekuwa mkali au mkavu au hauna rutuba. Suuza, kisha ongeza mboji. Wekundu peke yake si ugonjwa, na shina jekundu ni la kawaida kabisa kwenye jua kali. Shina likiwa laini na la kahawia pale linapogusa udongo, limeoza kwa maji mengi. Kata sehemu nzima iliyo juu ya uozo, panda upya kwenye mchanga mkavu zaidi, na chombo cha zamani ukipumzishe.

Wadudu hawaisumbui sana. Konokono hupenda kujificha chini ya mashina wakati wa mvua. Waokote jioni kwa tochi. Vidung'ata, wale weupe wenye unga, hujibana kwenye makwapa ya majani. Wapige kwa maji ya nguvu au ukate tawi zima ulichome. Dawa za sumu sioni sababu yake kwenye mboga inayoota upesi hivi. Adui mkubwa ni mbuzi. Mbuzi akishaonja chumvi ile atarudi kila siku, kwa hiyo zungushia uzio kabla hajaonja.

Kuvuna

Mashina yakishatambaa na kufunika udongo, jambo linalochukua kama miezi miwili tangu kupanda, anza kukata. Kata ncha za sentimita 10 hivi, juu kidogo ya kifundo, na chini ya kila mkato yatachipuka matawi mawili. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, kisha uipe wiki tatu au nne. Kata, usivute: ukivuta utang'oa na mizizi ya vifundo. Baada ya kila mavuno nyunyiza mboji kidogo katikati ya mashina.

Vuna asubuhi. Majani huwa yamejaa maji, na yakifungwa katika kitambaa kibichi hukaa siku kadhaa bila kunyauka, hata bila jokofu.

Jikoni

Chumvi uliyoitawala bustanini sasa uitawale chunguni. Osha majani kwa maji mengi, yachague mchanga, yakate vipande pamoja na mashina machanga. Chemsha maji mengi yasiyo na chumvi, tia mboga, iache ichemke dakika 5 hadi 10. Mwaga maji, suuza, kamua kwa mikono, kisha onja. Kama bado ni kali, chemsha mara ya pili kwa maji mapya. Yale maji ya mwanzo usiyatumie kwa mchuzi. Pamoja na chumvi, yamebeba asidi ya oksaliki, ambayo ikizidi si nzuri kwa figo.

Hapo mboga iko tayari. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga iliyokamuliwa na tui jepesi, acha ichemke hadi ilainike, kisha malizia kwa kasimele na usiache kukoroga ili tui lisikatike. Kamba au samaki mbichi hukaa vizuri ndani yake. Papa mkavu na ng'onda huongeza chumvi juu ya chumvi, kwa hiyo waweke kwa ajili ya mboga nyingine. Ndimu ikamuliwe chungu kikishateremshwa. Chumvi ya kopo usiiguse mpaka uonje mwisho kabisa, na aghalabu hutaihitaji. Iambatanishe na kitu kisicho na chumvi: ugali, muhogo wa kuchemsha, au wali mweupe uliopikwa bila chumvi.

Majani machache mabichi, yaliyooshwa na kukatwa nyembamba, yanaweza kuingia kwenye kachumbari mahali pa chumvi. Nasema machache. Na ukitaka achari, chemsha ncha mara moja tu, zikaushe kwenye kitambaa, zijaze katika chupa safi ya kioo pamoja na pilipili, vitunguu saumu na vipande vya karoti, kisha mimina siki ya moto hadi zizame, na uiweke kwenye jokofu.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, au aliyewahi kupata mawe ya figo, asiile mboga hii kabla ya kumwuliza daktari au muuguzi wake. Kama nyumbani mna mtu wa namna hiyo, usipike chungu kimoja kwa wote ukadhani kuchemsha kumemaliza chumvi yote. Kuchemsha huipunguza sana, lakini haiishi. Watoto wadogo nao wapewe kidogo.

Shamba lililoingiwa na bahari

Yapo mabonde ya mpunga, Pemba na kwingineko, ambayo maji ya bahari yamevunja kingo na kuingia, na mpunga hauoti tena. Mwenye bonde la namna hiyo mara nyingi huambiwa kwamba shamba limekufa. Kwa mboga pwani halijakufa. Inua matuta, laza mashina mwanzoni mwa mvua ili yapate maji matamu ya kuanzia, na bamvua litafanya kazi ya kumwagilia. Watafiti wa India na Tunisia wamepima na kuona kwamba mmea huu hupunguza chumvi ya udongo, kwa sababu kila jani unalolikata na kuliondoa linaondoka na chumvi yake. Faida hiyo ipo pale tu mavuno yanapotolewa shambani. Majani yakiachwa yaozee hapohapo, chumvi inarudi chini. Tena ukingo ukiwa bado umevunjika, hakuna mmea utakaoishinda bahari. Ukingo kwanza, ndipo mpunga ufikiriwe tena. Hadi siku hiyo, bonde linaweza kulisha watu na kutoa mafungu ya kuuza sokoni badala ya kukaa bure.

Wafugaji wa mwatiko nao wana nafasi yao. Maji ya bwawa la samaki yana mbolea ndani yake na chumvi pia, mchanganyiko usiofaa kwa mboga nyingine yoyote ya bustanini. Yameshafanyika majaribio ya kupanda mboga pwani pamoja na mwatiko na majongoo bahari, mmea ukinyonya uchafu wa samaki na kuugeuza majani. Kwa mwanzo huhitaji mitambo: panda kwenye kingo za bwawa, upande unaopata jua, uyaache mashina yateremke yenyewe hadi kwenye maji.

Tuta likifikisha mwaka mmoja au miwili, katikati yake patakuwa na mashina magumu yasiyo na majani, na mboga itakuwa imehamia pembeni. Hapo kata vipandikizi vipya kutoka pembeni, ng'oa vya zamani, badilisha nusu ya udongo, upande upya. Vinavyobaki mpe jirani, pamoja na maelezo ya maji matamu ya wiki mbili za mwanzo. Ukivipeleka bara kwa ndugu, vua majani yote isipokuwa ya ncha, vifunge kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya karatasi, usivitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, na akishavipokea avipande jioni ileile.